Vidudu vya machoni: safari ya Arabuko-Sokoke, Mida na Jilore

Wanafunzi wangu wa biolojia waliopelekwa msitu wa Arabuko-Sokoke walirudi na lalamiko moja: "Mwalimu, inzi wa kule hawana adabu, wanaingia mpaka machoni." Ukiwauliza inzi gani, jibu ni inzi tu, wadogo, weusi. Likizo ya Disemba ilipofika nikamchukua mdogo wangu wa kiume tukaenda kuwatafuta wenyewe. Haya nimeyapanga nikiwa nyumbani Mombasa, kutoka kwa daftari na picha za simu.

Tulichobeba: lenzi ya mkono inayokuza mara kumi, lenzi ndogo ya kubana kwenye kamera ya simu, vichupa vya plastiki vinavyopitisha mwanga, brashi laini ya rangi na kipande cha leso nyeupe. Spiriti ya kuhifadhia wadudu sikubeba. Kukusanya wadudu msituni kunahitaji kibali cha utafiti, nasi tulikuwa watembezi. Tulikuwa tunamfunika mdudu kwa kichupa, tunamtazama, tunampiga picha, tunamwachilia.

Ijumaa: Mombasa hadi Malindi

Tulipanda matatu barabara ya Abdel Nasser, nauli shilingi 500 kila mtu kwa sababu ya msimu. Mtwapa tulikaa kwenye msongamano mpaka dereva akazima injini. Baada ya hapo mambo yakaenda vizuri: daraja la Kilifi, pakiti ya korosho dirishani kwa shilingi 100, upepo wa kaskazi usoni.

Karibu na Roka gurudumu la nyuma likapasuka. Spea ilikuwapo lakini jeki haikuwapo, ikabidi kondakta adandie boda kwenda kuazima. Mama mmoja ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka barabarani alituona tumesimama juani akatuita. "Njooni kivulini wanangu, jua hili si la kusimama." Akatoa vigoda, akaleta maji ya mtungi, na mwembe wake ukatufunika abiria wote.

Chini ya mwembe ule ndipo kazi ilipoanza. Maembe yaliyoanguka na kupasuka yalikuwa yamejaa inzi wadogo wa rangi ya kahawia iliyopauka, urefu kama milimita 3, macho mekundu yanayoonekana hata bila lenzi. Hao ni Drosophila, wale wale wanaozunguka glasi ya juisi na ndizi zilizoiva kupita kiasi. Wanafuata chachu ya tunda linalooza, na tunda zima hawaliwezi.

Aliyemsumbua mama yule alikuwa juu, kwenye embe lililokuwa bado mtini. Huyu alikuwa mkubwa zaidi, kifua chenye mistari ya manjano, na tumbo lake likiisha kwa ncha. Tulimtazama akitembea juu ya ganda, akisimama, akilichoma kwa ncha ile na kutulia. Alikuwa anataga. Nje hubaki kitone tu, ila ndani funza watakuwa wanakula nyama ya embe. Huyo ni Bactrocera dorsalis, mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, na tangu hapo amewatia hasara wakulima wa maembe sehemu nyingi za Afrika. Mama hakuhitaji jina la kisayansi. "Yule wa chini anakula lililokufa," akasema. "Huyu wa juu ndiye mwizi wangu."

Kwa mwenye mwembe nyumbani: msiyaache maembe yaliyoanguka yalale hapo. Yafungieni kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani, au yafukieni kina cha nusu mita, maana funza wakishashiba huingia udongoni na kutoka wakiwa inzi wapya.

Malindi tuliingia magharibi. Chumba mtaa wa Shela, shilingi 1,500, kisafi, feni inazunguka. Kwenye ukuta wa bafu walikuwapo wale wadogo wenye manyoya na mbawa pana za kijivu, ambao watu huwadhania vipepeo vya usiku. Ni inzi pia, wa jamii ya Psychodidae. Wanazaliana kwenye utelezi ulioganda ndani ya bomba la maji machafu na hawaumi mtu. Dawa ya kupuliza ni pesa ya bure. Sugua bomba kwa brashi, mimina maji ya moto, watoweke. Chakula cha usiku kilikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, shilingi 400 sahani, na tulikula mpaka tukanyamaza.

Jumamosi: Gede na ndani ya msitu

Mahamri na mbaazi za nazi alfajiri, kisha matatu hadi Gede kwa shilingi 100. Kituo cha msitu kiko kando ya barabara kuu. Ada ya kuingia inalipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, kwa hiyo malizeni malipo mkiwa bado mjini. Tuliwakuta watu langoni wakizunguka na simu hewani wakitafuta mtandao. Kiongozi mchukueni hata kama mnaijua njia. Ndani kuna ndovu, na msitu una kilomita za mraba zipatazo 420, mkubwa kuliko msitu wowote wa aina yake uliobaki pwani ya Afrika Mashariki.

Kiongozi wetu alikuwa kijana wa Kigiriama aliyekulia pembeni mwa msitu. Saa za mwanzo zilikuwa raha tupu. Kwenye sehemu ya mibambakofi na misandarusi tulimwona sange mwenye makalio ya dhahabu akichakura majani makavu kwa pua yake ndefu, sekunde chache tu, halafu akaruka akapotea. Mtu akija Arabuko-Sokoke akamwona huyo, nauli yake imerudi.

Kufika saa nne tulikuwa tumeingia upande wa mirihi, ambako miti imeachana, mchanga ni mweupe na jua linafika chini. Hapo wakaja. Kwanza wawili watatu mbele ya uso, halafu wingu zima: machoni, masikioni, puani, kwenye pembe za midomo. Hawaumi hata kidogo, ila hawaondoki. Mdogo wangu alianza kujipiga makofi. Mimi nilikuwa nimengojea saa hiyo tangu Mombasa, nikakaa chini, nikatandaza leso magotini na kumwambia atulie.

Mmoja alitua chini ya jicho lake, nikamfunika kwa kichupa. Urefu milimita mbili na kitu, mweusi, anang'aa. Kwa macho matupu ungeapa ni inzi. Chini ya lenzi niliona mbawa nne, za mbele ndefu na za nyuma fupi zilizojificha chini yake. Vipapasio vyake vilikuwa virefu, vimepinda katikati kwa kiwiko. Mguu wa nyuma ulikuwa mpana na bapa, mahali pa kubebea chavua. Inzi, kuanzia mbu hadi pange, wana mbawa mbili tu. Jozi ya pili imegeuka vijiti viwili vifupi vyenye vichwa vya mviringo, ambavyo hutikisika wakati wa kuruka na kumpa inzi habari ya jinsi mwili unavyogeuka hewani. Carl Linnaeus alipowapanga wadudu mwaka 1758 aliwapa inzi jina la Diptera, yaani wenye mbawa mbili, na kipimo hicho mpaka leo hakijapata mshindani.

Kabla sijafungua mdomo kiongozi akasema, "Mwalimu, hao ni nyuki. Njoo nikuonyeshe kwao."

Alitupeleka kwenye mrihi mmoja mzee. Usawa wa kifua, kwenye ufa wa gamba, ulichomoza mrija wa nta mwembamba kuliko kalamu, rangi ya kahawia, urefu wa kidole cha mwisho, ukuta wake laini kiasi kwamba mwanga ulipenya ukingoni. Mdomoni mwa mrija walipangana walinzi, vichwa tu nje, vipapasio vikicheza. Kila baada ya muda mfupi nyuki alifika akiwa na donge la chavua kwenye kila mguu wa nyuma, akaning'inia hewani mbele ya mlango, walinzi wakarudi nyuma kidogo, akaingia, wakajipanga tena. Tulisimama hapo kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote safari nzima. Mdogo wangu, aliyekuwa akijipiga makofi dakika chache nyuma, ndiye aliyepiga picha nyingi zaidi.

Hawa ni nyuki wasiodunga. Mwiba wao umedumaa, hauwezi kuchoma. Kwa udogo na umbo lao nimewaandika chini ya jenasi ya Hypotrigona. Asali hawaiweki kwenye masega. Huijaza kwenye vijungu vidogo vya nta. Ni nyepesi, ina uchachu, na kwao kiongozi huwapa watoto wenye kikohozi. Aliniambia, kwa uchungu uliosikika sautini, kwamba wapo wanaoangusha mti mzima ili wapate kikombe kimoja. Siku hizi baadhi ya majirani wa msitu wanawafuga kwenye mizinga midogo ya mbao, na ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu ya Nairobi, iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, imefanya kazi kubwa ya kuwachunguza nyuki hawa na kuwafundisha watu kuwafuga.

Machoni wanafuata nini? Maji na chumvi. Wakati wa joto chozi na jasho lako ni kisima. Ndiyo maana wanazidi adhuhuri, wanapungua jua likiinama, na hutawaona ukisimama penye upepo.

Lakini wingu lile halikuwa la nyuki peke yao. Tulipopumzika, nilimfunika mwingine aliyetua kwenye mkwaruzo mguuni mwa kiongozi. Ukubwa ni ule ule na weusi ni ule ule, ila huyu alikuwa na mbawa mbili, vile vijiti vyenye vichwa vikionekana wazi, vipapasio vifupi mno vyenye unywele mmoja, na mdomo wa kufyonzea ulio laini mbele. Huyo ndiye inzi wa kweli, wa jamii ya Chloropidae, maarufu kwa kupenda macho na vidonda. Naye hachomi, lakini anatoka kwenye kidonda cha huyu kwenda kwenye jicho la yule, na baadhi ya ndugu zake wanajulikana kusambaza ugonjwa wa macho mekundu. Kwa hiyo wanafunzi wangu walikuwa wakizongwa na wadudu wa aina mbili waliochanganyika, mmoja wa kuogopwa kidogo na mmoja wa kuhurumiwa, na wote wakipigwa kofi moja.

Kwa watakaopita huko: kata kitawi cha majani nje ya msitu, kishike juu kidogo ya kichwa na kukitikisa, wadudu hawa hupenda kucheza penye ncha ya juu. Kofia ya ukingo mpana inasaidia, chandarua chepesi cha uso kinasaidia zaidi. Akiingia jichoni usisugue, mtoe kwa maji safi. Mwenye kidonda akifunike kabla ya kuingia.

Njiani kutoka tulinunua madafu, shilingi 50 moja. Muuzaji alipoona macho ya mdogo wangu yamekuwa mekundu kwa kusuguliwa, alimmiminia maji safi ya kunawa kutoka dumu lake la kunywa na akakataa hata asante ndefu.

Jumapili: Mida

Asubuhi tulilala. Alasiri tukashuka Mida, kwenye daraja la mbao linalopita juu ya mikoko, ambalo ada yake inasaidia karo za watoto wa sekondari wanaoishi kandokando ya msitu na hori, mpango unaoendeshwa na A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira. Maji yalikuwa yanatoka, ndege wa pwani wametapakaa kwenye tope.

Jua lilipogusa vichwa vya mikandaa upepo ukakata. Dakika kumi baadaye mikono ikaanza kuwaka moto na hatuoni kitu. Nilishusha lenzi juu ya mkono wangu nikamkuta: kitone cha milimita moja na nusu, mbawa zimelazwa bapa moja juu ya nyingine, zenye mabaka ya kiza na nuru, na tumbo likijaa wekundu taratibu. Nilimwacha amalize ili nipate picha. Ni usubi wa jenasi ya Culicoides. Jike tu ndiye anayenyonya damu, viluwiluwi wake huishi kwenye tope lenye unyevu. Kwa mifugo usubi hawa wana hatari kubwa: ndio wanaoeneza ugonjwa wa ulimi wa buluu wa kondoo na maradhi ya farasi ya Afrika. Na wapo jamaa zao wa karibu ambao bila wao mikakao haichavushwi vizuri, na chokoleti ingekuwa adimu.

Nahodha aliyekuwa akifunga dau lake alituona tunajikuna. "Bamvua likishapita, siku kama hizi, ndio hutoka," akasema. "Upepo ukiwapo hawawezi." Akatuita nyumbani kwake. Mkewe alikuwa amewasha makumbi ya nazi kwenye gae, moshi ukitambaa chini, na hapo kweli wakatuachia. Boda zote zilikuwa zimeshaondoka. Akampigia mpwa wake aje na pikipiki, na kwa vile mpwa alichelewa, tukaandaliwa sima, samaki wa kukaanga na mchicha wa nazi. Pesa hakuzitaka. "Mgeni halipi chakula, baba." Tukarudi kesho yake na sukari na majani ya chai, hizo alizipokea.

Ukilala karibu na mikoko, fahamu kwamba matundu ya chandarua cha kawaida cha mbu ni makubwa kwa usubi. Feni ndiyo kinga, kwa kuwa hawana nguvu ya kupigana na upepo. Mikono mirefu na soksi ukivaa kabla ya saa kumi na mbili jioni umejiokoa. Mwasho wao hudumu siku kadhaa, usijikune.

Jumatatu

Mvua hadi adhuhuri, tukapanga picha. Jioni tulipita mradi wa Kipepeo, Gede, ulioanza 1993, ambako wakulima wa pembeni mwa msitu hufuga vipepeo na kuuza pupa, yaani kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo, ng'ambo. Hata huko inzi wapo kazini: kuna wanaotaga kwenye viwavi, na funza wao hula kiwavi akiwa hai. Ndiyo sababu vizimba vyote vimefunikwa kwa neti ya matundu madogo, na mfugaji hukagua kila mkunjo.

Jumanne: Jilore

Boda kutoka Malindi hadi Jilore, shilingi 500 baada ya mazungumzo. Huu ni upande wa msitu ambao wageni wachache huufika. Mdogo wangu alivaa shati la buluu iliyokoza, na hatukuwa tumemaliza kunywa maji akaruka kwa maumivu. Aliyemchoma kupitia nguo alikuwa bado begani: kahawia, mdomo umeelekezwa mbele, mbawa zimefungwa moja juu ya nyingine kama mkasi. Mbung'o. Arabuko-Sokoke ina aina zaidi ya moja, wakiwamo Glossina pallidipes na Glossina austeni, na wote hupenda buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo.

Mzee aliyekuwa akichunga ng'ombe alitukaribisha kivulini. "Shikamoo babu." "Marahaba, wajukuu zangu. Hilo shati livue, linawaita." Alikuwa na shati la kaki kwenye mfuko wake wa ukili akampa mdogo wangu avae mpaka tutakapoondoka. Kwake mbung'o ni habari ya nagana, ng'ombe kukonda mpaka mbavu zihesabike. Ugonjwa wa malale kwa binadamu ulikuwa shida ya magharibi ya nchi, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza kama tatizo la afya ya umma. Ng'ombe wa mzee bado hawajapata tangazo lao. Nilimweleza kwamba mbung'o jike hazai mayai mengi ya kutapakaa. Hulea buu mmoja tumboni, humnyonyesha humo humo, humzaa akiwa mkubwa, kisha huanza mwingine. Kila mmoja anayenaswa mtegoni ni uzao mzima umezuiwa. Mzee aliniuliza mara mbili mitego hiyo hushonwa vipi, nikamchorea kwenye daftari, nikachana ukurasa nikamwachia.

Kwenye uwanja wa nyumba yake niliwaona wa mwisho kwenye orodha yangu: inzi wa kijivu, wadogo kidogo kuliko wa nyumbani, wakitua kwenye nyuso za watoto na kurudi kila wakifukuzwa. Hao ni Musca sorbens. Huzaliana hasa kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi, na pale palipo na trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, huihamisha kutoka jicho hadi jicho. Choo chenye kifuniko na uso unaonawishwa kila siku vinasaidia kuwapunguza. Mzee alikuwa ameshachimba shimo la choo, bado mabati.

Jumatano: kurudi

Malindi hadi Mombasa, 500 tena, na safari hii bila pancha. Picha za wale wa machoni nimezichapisha kubwa kwa ajili ya darasa, nyuki na inzi pamoja, majina nimeyaficha nyuma. Mwanafunzi atapewa lenzi na kuhesabu mbawa mwenyewe.

Anayepanga kwenda Aprili au Mei ajue njia za ndani ya msitu huwa tope na magari madogo hukwama. Wadudu, kwa upande mwingine, watakuwa tele.